Malengo ya mwaka ukiishi kwa shamba na kazi za mkono, mwafuatilia vipi?

UmmuShamba_Mwakirunge

Assalam aleykum jamani, na wengine habari zenu. Niko na swali na naomba mnijibu kwa urefu kama mna nafasi, manake nimeulizauliza hapa mtaani watu waona ni jambo la kuchezea na kwangu mimi si la kuchezea.

Sisi twakaa Mwakirunge, tuko na nusu ekari hivi, mume wangu yuko bandarini kwa zamu, mimi niko nyumbani na watoto na shamba. Tuliamua tuishi kwa mikono yetu kadiri tutakavyoweza. Mboga zetu, mayai yetu, sabuni natengeneza mwenyewe kwa mafuta ya nazi, nguo za watoto nashona kwa cherehani ya mguu niliyoachiwa na nyanya yangu, na sasa najifunza kofia za vito, zile za kushonwa nakshi na vitobo kwa mkono, nataka nimshonee babake watoto moja aivae Idi ijayo. Pesa ya duka ipo alhamdulillah, lakini nataka wanangu wajue kitu chatoka wapi na chachukua muda gani mpaka kifike mkononi.

Sasa malengo. Mimi ni mtu wa kuandika, Januari nilikaa na daftari nikaandika: mboga za majani zote zitoke shambani, sabuni yote ya nyumba itoke mkononi, kuku wafike wa kutosha tuchinje wetu siku ya Idi, hiyo kofia, na tangi la maji ya mvua manake kisima chetu kina chumvi sukuma haiyataki maji yake. Matano tu. Kuyafuatilia ndo kazi. Niliweka apu kwenye simu, yataka kila siku nibonyeze nimefanya ama sijafanya, ukiruka siku yaanza kuhesabu upya toka moja. Mchicha wabonyezwa kila siku kweli? Ramadhani ilipoingia ratiba ya nyumba yote ikageuka, tukamaliza Idi tu masika hayo, wiki kwa wiki kazi ni kupanda na kupalilia, sindano siigusi kabisa. Kalenda ya ukutani nayo ni vile viboksi vya siku, na kazi zangu mimi haziishi kwa siku. Sahii ni Julai na ukiniuliza nimefika wapi siwezi kukujibu, na kazi nimefanya nyingi, naziona kila nikitoka mlangoni.

Nyinyi mnaoishi hivi mwatumia nini? Daftari? Simu? Kichwa? Na mwapima kwa mwezi ama kwa nini hasa?

BiUkili_Mtongwe

Waaleykum salaam mwanangu. Hiyo apu itoe leo.

Mimi ni mtu wa ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, nasuka tangu niko msichana, na nakwambia kazi ya mkono yajihesabu yenyewe ukiiweka mahali inaonekana. Mimi kando ya mlango wa jikoni niko na msumari, mzingo wa ukili waning'inia hapo. Baada ya alasiri chai ikiwa jikoni naushusha mzingo nasuka nilichojaaliwa, ikiiva nauangika tena. Mkeka kabla sijauanza najua wataka pima ngapi, napima kwa mikono yangu ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole kama alivyonifundisha mama, na kila nikifika pima kumi nasuka mwaa (jani la kusukia) mmoja mwekundu ndani ya ukili. Mwekundu mmoja tu, hauharibu pambo, ukishonwa mkeka waonekana kama nukta. Basi mtu yeyote akiingia jikoni kwangu akatazama ule mzingo ajua nimefika wapi, sina haja ya kuandika tarehe. Siku nisiyosuka hakuna kilichofutika. Ukili uko pale pale.

Kofia yako ifanye vivyo hivyo. Ukishachora nakshi kwa penseli kwenye kitambaa, ule mzunguko wa pembeni ugawe mafungu manne kwa mistari hafifu, na kipande cha juu kiwe fungu la tano. Hapo unayo malengo matano madogo yako ndani ya kitambaa chenyewe. Usihesabu siku, hesabu mafungu. Na nakuomba sana usishone usiku kwa taa ya simu, vitobo vya kofia ni vidogo mno, macho hayanunuliwi. Kofia ni kazi ya kaskazi, Disemba mpaka Februari, wakati jua la saa sita halikuruhusu ukae shambani na ndani kuna mwangaza wa kutosha. Sahii kwenye kusi chora nakshi tu, zoeza mkono kwenye kitambaa cha kale.

Mfugaji_Jomvu

Bi Ukili shikamoo, hilo la mwaa mwekundu nimelipenda sana.

Dada Ummu mimi naongezea upande wa shamba manake mboga na kuku hazining'inii msumarini, zinaliwa. Ukishakula mchicha hakuna ushahidi kwamba uliulima. Kwa hivyo hapo lazima uandike, lakini swali ni uandike nini. Watu wengi waandika walichovuna, kilo kadhaa za kunde, mafungu ya mchicha, mayai. Mimi nilifanya hivyo zamani nikaacha kwa sababu lengo langu halikuwa kuvuna, lengo lilikuwa kutonunua. Sasa lengo la kutonunua lapimwa kwa ulichonunua! Yani badala ya kuandika kila kitu kilichotoka shambani we andika kile kilichokushinda mpaka ukatoa pesa. Na hiyo kazi nusu yake simu ishakufanyia bila wewe kujua, manake mama mboga, duka la mayai, duka la sabuni wote walipwa kwa M-Pesa, mwisho wa mwezi waitisha taarifa ya M-Pesa wapitia na kalamu watia alama kila malipo ya kitu ambacho ulisema kitatoka nyumbani. Jumlisha. Ile jumla ndio umbali uliobaki kufika kwenye lengo lako. Ikishuka mwezi hadi mwezi uko njiani, ikipanda tazama imepanda kwa nini, utakuta ni Februari na Machi, jua kali, majani yote yamekauka, hapo wajua shida yako si uvivu ni maji. Na ukishajua ni maji basi lile lengo lako la tangi latoka namba tano laenda namba moja, manake ndilo linalozuia lile la mboga.

Maji sasa. Bati la mita mraba moja likipata mvua ya milimita moja latoa lita moja, hesabu ni hiyo hiyo popote. Bati lako likiwa mita mraba 40 na ikanyesha milimita 20 hiyo ni lita 800, toa kama moja ya tano ya kumwagika na ya kuosha vumbi la mwanzo, wabaki na 640 hivi. Tangi la lita 5,000 kwa matumizi ya lita 100 kwa siku lakaa siku 50. Huku kwetu mwezi wa mvua kubwa ni Mei, kwa hivyo gata na tangi viwe tayari Machi, ukifunga Juni umekosa maji ya mwaka. Haya sasa hilo si la kubonyeza kila siku, lina tarehe moja ya mwisho, imeandikwa na mvua.

Mvua yenyewe ipime, wataka kopo lenye pande zilizonyooka (lisipanuke juu) na rula ya mtoto wa shule, liweke mahali wazi mbali na mti. Kila asubuhi baada ya mvua soma, andika, mwaga.

Kuku nitarudi niandike baadaye niko kwa kazi.

UmmuShamba_Mwakirunge

Kaka Jomvu Mungu akubariki, hilo la kuhesabu kilichonunuliwa sikuwa nimelifikiria kabisa na nimefungua M-Pesa sahii hivi nikaangalia mwezi wa sita, malipo ya mboga ni mawili tu na yote ni ya wiki ile tulikuwa na wageni. Nimefurahi mpaka nimemwita mume wangu aone. Kumbe lengo lenyewe limekaribia kutimia na mimi nimekaa na huzuni bure.

Bi Ukili shukran sana bibi yangu, mafungu manne nitafanya.

Lakini bado lile la kalenda lanisumbua. Kila mmoja wenu amenitajia wakati wake, kofia kaskazi, tangi Machi, mboga kila mwezi. Na Idi nayo yatembea. Hivi vyote vyakaa kwenye karatasi moja vipi?

AmiBaharia_Kuze

Binti yangu, havikai kwenye karatasi moja, na havikukaa hata kwa wazee wetu. Wao walikuwa na mwaka zaidi ya mmoja na kila jambo walilihesabu kwa mwaka wake. Ngoja nikueleze vizuri kwa sababu vijana wengi wa Mombasa sasa hawayajui mambo haya na yangali yafaa.

Mwaka wa kwanza ni wa mwezi, huu tunaofungia na kusali Idi. Kwa Kiswahili chetu miezi yake yahesabiwa kutoka Idi: mfungo mosi ndio mwezi wa Idi ndogo, mfungo pili, mfungo tatu ndio mwezi wa Idi ya kuchinja, mfungo nne, mfungo tano, mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi, yuwaendelea hivyo mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mwaka huu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, ndio maana Idi yatembea. Miaka hii Ramadhani iko ndani ya kaskazi, itaendelea kurudi nyuma mpaka iingie vuli, na baada ya miaka kama thelathini na mitatu imezunguka misimu yote.

Mwaka wa pili ni wa jua, ndio wa mabaharia na wakulima. Huanza Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo siku hizi yaangukia mwishoni mwa Julai, yani karibu sana na leo. Kutoka hapo hakuna miezi, kuna miongo. Mwongo mmoja ni siku kumi. Mwaka mzima ni miongo thelathini na sita na siku tano juu yake, jumla 365. Hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne kama wa Kizungu, kwa hivyo Nairuzi nayo yasogea siku moja nyuma kila miaka minne, polepole sana, mtu hahisi katika umri wake. Baharia hakusema Novemba wala Machi, alisema mwongo wa ngapi, na mkulima vile vile, mtama wapandwa mwongo fulani, mashua yatiwa maji mwongo fulani. Na mwongo waitwa kwa siku unayoishia, yani wa mia ni ule unaofika siku ya mia. Hesabu leo kutoka Nairuzi utaona: mwongo wa mia waishia mwisho wa Oktoba, hapo ndipo vuli. Mwongo wa mia mbili ni mwanzo wa Februari, kaskazi imekaza. Mwongo wa mia mbili na hamsini ni mwisho wa Machi, masika yuwagonga mlango, hapo ndipo Jomvu amekwambia tangi liwe tayari.

Na uzuri wa mwongo kwa mtu wa shamba ni kwamba siku kumi ni kipimo cha kazi. Siku moja ni ndogo, ikipita na ugonjwa wa mtoto imepita. Mwezi ni mkubwa, ukikumbuka uko tarehe 28. Katika siku kumi mchicha huota, magugu huonekana, kuku akiatamia wajua mayai gani yana kitu ukiyamulika kwa tochi. Kila mwongo ukiisha keti usiku mmoja na daftari lako uandike mstari mmoja wa kila lengo. Mwaka mzima kila lengo ni mistari thelathini na sita tu. Babangu alikuwa na ubao wa mvule nyuma ya mlango akitia chaki, kila mwongo mstari, na kando yake neno moja au mawili: pepo zimegeuka, ndimu zimezaa, tumetia dari makuti mapya. Ubao huo tukiusoma mwisho wa mwaka twajua mwaka ulikwendaje kuliko kitabu chochote.

Kwa hivyo malengo yako gawa. Ya ibada na sherehe, yani kofia, kuku wa Idi, nguo za watoto, yaandike kwa mifungo. Ya ardhi na mvua, yani mboga na tangi, yaandike kwa miongo. Karo na mambo ya serikali yaachie Januari na Disemba.

mamaK_Bamburi

Ami shikamoo, nimesoma nikasoma tena. Mimi nakaa flati ya kupanga Bamburi sina hata shina moja la mchicha ila niko na sabuni, na hili la mifungo limenisaidia papo hapo. Ummu dada yangu sikiza.

Sabuni ya mafuta ya nazi ya kumwagwa baridi, yani isiyopikwa, haitumiki siku ya pili, yataka wiki nne mpaka sita ikauke na ukali wake uishe. Sasa kama wataka sabuni mpya ya Idi, ya kuwekea wageni na ya kupeleka kwa wakwe, hesabu nyuma kutoka mfungo mosi: Ramadhani yote ni siku 29 ama 30, ongeza wiki mbili, ni kusema sabuni imwagwe katikati ya Shaabani na isipite hapo. Mimi nimeandika kwenye ukuta wa jikoni kwa kalamu "sabuni, nusu ya Shaabani" na hiyo haitabadilika hata Ramadhani ikiwa Januari ama Septemba. Tarehe za Kizungu kila mwaka ningelazimika kuhesabu upya.

Na kwa kuwa umeandika wataka sabuni YOTE itoke mkononi nakushauri lengo ulipime kwa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya nazi yataka kostiki soda gramu 183 hivi ili yote igeuke sabuni, hiyo ni ya kufulia na kuoshea vyombo, yatoa mafuta mpaka kwenye sufuria la samaki. Ya kuogea usitie zote, mafuta ya nazi matupu yakausha ngozi, tia kama 146 ili sehemu ya tano ya mafuta ibaki haijageuka. Pima kwa mizani ya kidijitali, si kwa kijiko, na soda ndio inatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya soda hata siku moja yaruka usoni. Vaa glavu na miwani, watoto watoke. Na usitumie sufuria la aluminiamu, soda yalila, tumia chuma cha pua ama ndoo nene ya plastiki. Najua pengine wajua yote haya lakini kuna wasomaji wengine.

Haya, kufuatilia. Kila kipande nakipiga muhuri kabla hakijagumu, nimechonga kifuu cha nazi herufi ya mwezi, SH ni Shaabani, M6 ni mfungo sita. Nikitaka kujua sabuni za nyumba zatosha mpaka lini naangalia rafu tu, nimezipanga kwa muhuri, za kale mbele. Rafu ndo daftari langu. Nikiona mbele pamebaki safu moja najua wakati wa kununua nazi umefika.

Mfugaji_Jomvu

Nimerudi. Kwanza Ami kwa heshima zote, nakubali miongo kwa kuhesabu, lakini kwa kupanda mimi sitegemei namba peke yake. Masika siku hizi yachelewa, mwaka mwengine yaja yote wiki mbili yakakata, ukipanda mahindi kwa mwongo tu bila kutazama udongo waweza kupoteza mbegu. Mimi natazama utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, halafu nasubiri mvua yenyewe ilowanishe mpaka kiganja chote kiingie udongoni kikiwa na unyevu, hapo ndo napanda. Kwa hivyo dada kwenye daftari lako andika mwongo uliopanda na milimita zilizonyesha kabla ya kupanda, vyote viwili. Miaka mitatu minne mbele utakuwa na elimu ya shamba LAKO ambayo hakuna afisa wala mzee anaweza kukupa, samahani Ami.

Sasa kuku. Wataka kuchinja wako Idi. Kuku wa kienyeji yataka kama miezi sita afike wa kuchinja vizuri, na yai lataka siku 21 kuanguliwa. Rudi nyuma kutoka Idi kwa ile hesabu ya Ami: Ramadhani, Shaabani, Rajabu, mfungo tisa, mfungo nane, mfungo saba, hiyo ni sita. Siku 21 zaingia mfungo sita. Yani mwezi wa Maulidi ukiandama tu uwe na matetea wameatamia. Na mfungo sita u karibu! Kama wangoja Januari ndo uandike "kuku wa Idi" ushachelewa kitambo, ndo maana mwaka huu ulikuwa wafukuza wakati tu. Anza kuchagua tetea wazuri sasa hivi.

Chanjo ya Newcastle (kideri) kila miezi mitatu, hiyo ndo ya kuweka kwenye simu ikupigie kengele, simu ina kazi yake. Kila kitu kingine waweza kuchelewa siku mbili tatu, hiyo ukichelewa waamka asubuhi huna kuku.

AmiBaharia_Kuze

Jomvu mwanangu huna haja ya kuomba samahani, hata wazee walitazama wingu. Mwongo ulikwambia tu ni wakati wa kuanza kutazama, jembe lako likiwa limenolewa na mbegu ziko tayari.

Neno moja jengine Ummu. Kuna malengo hayataki mwaka. Ukipanda mnazi mrefu wa kwetu leo utaanza kula nazi baada ya miaka mitano, sita, saba. Hata nazi yenyewe kutoka ua mpaka ikomae ni kama mwaka mzima. Usiandike "minazi" kwenye daftari la mwaka ukajiona umeshindwa. Iandike ukurasa wa mwisho, peke yake, kwa jina la mtoto atakayeila.

BiUkili_Mtongwe

Ami umenena. Mimi nilipanda ya wajukuu na kila mtoto ajua wake.

Ila Ummu mwanangu nimesoma haya yote naona watu wakupa kuandika, kuandika, kuandika. Mstari mmoja kwa siku kumi watosha. Usije ukawa karani wa shamba lako. Mikono iwe kwenye udongo zaidi kuliko kwenye kalamu.

UmmuShamba_Mwakirunge

Nimewasikia wote na nimekaa na mume wangu jana usiku tukapanga, nawaambia tulivyoamua msinione kimya.

Daftari la Januari nalifunga. Naanza upya Nairuzi. Nimechukua daftari la watoto lenye mistari, nimepiga mistari thelathini na sita na nafasi ya zile siku tano mwisho, kila mstari ni mwongo, safu ni tatu tu: mboga zilizonunuliwa kwa shilingi, mvua kwa milimita, na neno. Kuku na kofia nimezitoa huko kabisa nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango kwa mifungo kama babake Ami, "matetea, mfungo sita", "nakshi iishe mfungo saba", kisha fungu moja la kofia kila mfungo kuanzia mfungo nane, lile la tano laanguka Ramadhani, limalizike kabla ya kumi la mwisho inshallah. Bi Ukili nimehesabu sawa? Naona mafungu mawili matatu yatashikana na vuli kabla kaskazi haijaingia, lakini vuli si kama masika, nitapata mchana wa kushona. Sabuni nitaiga muhuri wa mamaK. Tangi tumekubaliana yeye ndo mwenyewe, gata kabla ya mwongo wa mia mbili na hamsini, mambo ya bati si yangu. Na binti yangu mkubwa amedai hilo kopo la mvua ni lake, hakuna mwengine wa kulisoma.

Kimoja bado chanitia wasiwasi, kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wamejaa mpaka huku, mara ya mwisho walichukua vifaranga mchana kweupe tukiwa hapo hapo uani. Nikiatamisha mfungo sita na wote wakaisha mdomoni mwa kunguru nitakuwa nimehesabu bure.

BiUkili_Mtongwe

Umehesabu sawa mwanangu. Fungu la kwanza ndilo litakalokuchelewesha, ukilimaliza mkono ushajua njia, yaliyobaki yenda haraka. Ukikwama kwenye vitobo vya pembeni niandikie.

Mfugaji_Jomvu

Dada kunguru hao usiwape nafasi hata ya siku moja. Vifaranga na mama yao wakae ndani ya banda lenye wavu juu na pembeni mpaka wafike kama wiki sita, wakianza kuota manyoya ya kweli na kukimbia vizuri. Kama huna wavu wa kutosha chukua tenga kubwa la kusuka, lifunike juu yao mchana, weka jiwe juu, lihamishe kila siku sehemu mpya wale majani na wadudu. Mayai ya kunguru na viota ukiviona kwenye mwembe wako vitoe mapema. Na usiache mabaki ya samaki uani, hayo ndo yawaita, yafukie kwenye shimo la mbolea na udongo juu.

Wakiatamia andika tarehe kwa penseli juu ya yai lenyewe, siku ya 7 mulika kwa tochi usiku, yasiyo na mishipa yatoe. Niambie umepata mangapi.

BiUkili_Mtongwe

Tenga akitaka nasuka mimi. Ummu nitumie upana wa banda.